Shajara ya Mradi: Ramani ya Uchui, Kanu wa Misitu ya Unguja

Wiki ya kwanza

Mradi huu ni wa ramani moja tu, itakayochorwa kwa mkono juu ya karatasi kubwa na kutundikwa ukutani katika skuli yetu ya kusini mwa Unguja, ikionesha anapopatikana uchui na aina ya msitu anaouhitaji ili aishi. Uchui ni kanu wa Unguja, mnyama mdogo mla nyama, mwembamba, ambaye mwili wake bila mkia una urefu wa karibu nusu mita, mwenye mkia mrefu wa pete pete na madoa meusi madogo yaliyosongamana tangu shingoni hadi mapajani. Kwa watu wa bara jina kanu linatosha kwa kila mnyama wa jamii hii, lakini hapa kisiwani wazee walimpa jina lake mwenyewe, na anayelisikia anatambua mara moja kwamba waliomwita hivyo walikuwa wakimfikiria chui.

Nilianza kuufikiria mradi huu darasani. Niliwaomba wanafunzi wanitajie wanyama wa msitu wa Jozani, wakataja kima punju kwa sauti moja, kisha paa nunga, kisha ngawa, na baada ya hapo wakanyamaza. Mmoja tu alikuwa amewahi kulisikia jina la uchui, naye alidhani ni mtoto wa chui. Hawa ni watoto wanaolala kila usiku umbali wa mwendo mfupi kutoka kwenye msitu ambamo mnyama huyu anawinda panya wakati wao wamelala, na mimi niliyewafundisha jiografia kwa miaka kadhaa sikuwahi kuwachorea mahali anapoishi. Nimeazimia kazi hii ikamilike kabla ya muhula kwisha.

Wiki ya pili

Wiki nzima imekwenda katika kukusanya yale yaliyokwisha kuthibitishwa, kwa sababu ramani isiyoanza na kumbukumbu za kuaminika huwa ni pambo la ukutani. Jina la kitaalamu la kanu huyu ni Genetta servalina, na aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika sayansi ni Mfaransa Jacques Pucheran, mwaka 1855. Sehemu kubwa ya mtawanyiko wake ni misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, kuanzia Kameruni, Gabon na nchi mbili za Kongo, na kuja mashariki hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Hapo mtu angedhani habari zake zimekwisha, kwa kuwa kutoka misitu ya magharibi mwa Kenya hadi misitu ya Tanzania anayotajwa tena kuna kama kilomita 900, na katikati yake kuna nyika, mbuga za majani na mashamba ambayo mnyama wa msitu mnene hana sababu ya kuyakaa.

Kumbukumbu ya kwanza ya Tanzania ni ya mwaka 1932. Norman Kinnear, mtaalamu wa makumbusho ya London, alieleza nususpishi mpya, yaani tawi jipya ndani ya spishi ile ile, aliyoiita lowei, akitegemea ngozi moja tu iliyopatikana na Willoughby Lowe huko Dabaga, katika nyanda za juu za Udzungwa, mkoani Iringa. Watanzania wengi wanalijua jina la Dabaga kwa chupa ya sosi ya nyanya iliyopo mezani, na wachache mno wanajua kwamba ni mahali palipoandikwa katika vitabu vya wanyama kwa sababu ya ngozi hiyo moja. Baada ya hapo ukaja ukimya wa miaka 68. Hakuna mtafiti aliyeandika kwamba amemwona tena kanu wa Lowe hadi mwaka 2000, alipopatikana akiwa hai katika misitu hiyo hiyo ya Udzungwa, na tangu hapo kamera za mtego, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, zimempiga picha mara nyingi, Udzungwa na katika milima mingine ya Tao la Mashariki.

Ninataka wanafunzi wauzingatie ukimya huo. Kwa miaka yote 68 kanu walikuwa wanazaana na kuwinda katika misitu ile. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama usiku na kuandika alichokiona. Na wala si kanu peke yake aliyekuwa amefichika. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba nguchiro wa Jackson, aliyekuwa akijulikana kutoka Kenya na Uganda tu, anaishi pia katika msitu wa Matundu huko huko Udzungwa, na ushahidi wake vilevile ulitokana na kamera.

Habari za Unguja ni za karibuni zaidi. Mwaka 1998 Harry Van Rompaey na Marc Colyn walimtangaza kanu wa kisiwa hiki kuwa nususpishi ya peke yake, wakaiita archeri, na mwezi wa Januari 2003 Helle Goldman na Jon Winther-Hansen wakapata picha za kwanza za mnyama huyu akiwa hai, kwa kamera walizozitega msituni. Baadhi ya wanafunzi wangu wana kaka na dada wenye umri mkubwa kuliko picha hiyo. Hivyo ndivyo elimu yetu juu yake ilivyo changa.

Wiki ya tatu

Nimechora rasimu ya kwanza na nimeifuta. Nilikuwa nimechukua ramani ya mtawanyiko ya aina inayowekwa katika vitabu vya jumla, ambayo hupaka rangi moja juu ya eneo lote, nikapaka kijani juu ya kisiwa chote cha Unguja kuanzia Nungwi hadi Makunduchi. Ilipendeza. Lakini nilipoiweka mezani na kuitazama kwa makini niliona kwamba nimempa uchui Mji Mkongwe, uwanja wa ndege, mabonde ya mpunga na ufukwe wote wa mahoteli wa mashariki. Mwanafunzi akiitazama ramani hiyo ataamini kwamba mnyama huyu yupo kila mahali, na kwamba kwa hiyo hana haja ya kitu chochote maalumu.

Kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, linaiweka spishi nzima ya Genetta servalina katika daraja la wanyama wasio na hofu kubwa ya kutoweka, na uamuzi huo una haki yake, maana misitu ya Kongo na jirani zake ni mikubwa mno. Lakini anayesoma daraja hilo akiwa Unguja anaweza kulipaka juu ya kisiwa chetu kama nilivyopaka ile rangi ya kijani, akasahau kwamba uchui wa hapa hawezi kuongezewa ndugu kutoka Gabon. Akipungua hapa, amepungua. Akimalizika hapa, nususpishi ya archeri imemalizika duniani, hata kama Kongo imejaa kanu.

Kwa hiyo nimeamua ramani isiwe na rangi ya kisiwa kizima. Nitapaka msitu kwanza, kila msitu kwa aina yake, kisha nitaweka alama za mahali palipo na ushahidi. Sasa nakabiliwa na swali ambalo sikulitarajia: nini hasa niite msitu?

Wiki ya nne

Nimekwenda Jozani kwa miguu pamoja na wanafunzi sita na mtembezaji wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004 na ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 50, lakini sehemu ambayo wageni wengi huiita Jozani, yaani ule msitu mrefu wenye kivuli kizito, ni kipande kidogo tu ndani yake. Hapo maji ya ardhini yapo karibu sana na uso wa udongo, na mvua za masika zinapokuwa nyingi msitu husimama ndani ya maji. Mitondoo imerefuka, michikichi imejichomeka katikati yake, na chini kuna majani makavu yaliyolundikana na kuoza, ambayo mtu akikanyaga anahisi kama anatembea juu ya godoro.

Nikawaonesha wanafunzi kwamba hayo majani yaliyooza ndiyo mwanzo wa chakula cha uchui. Ndani yake kuna wadudu, na wadudu huliwa na ndege wa chini na panya, nao kwa zamu yao huliwa na kanu. Utafiti uliofanywa katika misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati juu ya wanyama wadogo wala nyama ulionesha kwamba panya ndio sehemu kubwa ya mlo wa kanu wa aina hii. Anatembea usiku, hupanda miti kwa wepesi, lakini kazi yake kubwa ya kutafuta riziki ipo ardhini, ndiyo maana kamera zilizofungwa chini ya magoti ya mtu, kwenye vijia vya wanyama, humpata.

Hatukumwona, na sikuwaahidi kwamba tutamwona. Tuliyemwona kwa wingi ni kima punju, ambaye amezoea watu kiasi cha kula majani juu ya vichwa vyetu. Mwanafunzi mmoja wa darasa la saba aliuliza kama uchui naye anahitaji miti mirefu namna ile, au anahitaji tu kile kivuli cha chini. Niliandika swali lake kwenye daftari na kulipigia mstari, kwa kuwa ndilo swali lile lile lililonisumbua wiki iliyopita, ila yeye ameliuliza vizuri zaidi.

Tulipotoka barabarani tulisimama kidogo kwenye matuta. Matuta haya yaliwekwa katika barabara inayopita kando ya msitu ili kupunguza vifo vya kima wanaogongwa na magari. Kima huvuka mchana, dereva anamwona. Kwa mnyama anayevuka usiku, mwenye rangi ya vivuli, tuta linasaidia tu iwapo dereva bado anapunguza mwendo saa saba za usiku, na wanafunzi walikubaliana kwamba mstari wa barabara lazima uonekane kwenye ramani, umechorwa kwa wino mzito.

Wiki ya tano

Hii ndiyo wiki iliyobadilisha mradi, na nitaandika kwa urefu.

Kusini na mashariki mwa Unguja ardhi kubwa ni ya maweni: jiwe la matumbawe lililoinuka kutoka baharini zamani, lenye udongo haba uliojikusanya katika mifuko na mianya ya mawe. Mimea inayoota hapo haifanani na ya Jozani. Ni miti mifupi na vichaka vilivyosukana, midaa, milapaa na mingine mingi, kimo chake mara nyingi hakimzidi mtu kwa mengi, na mtu asiyepazoea hawezi kupita bila panga. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hawapaiti msitu. Wanasema uwanda, au wanasema vichaka, na mtu anayetaka kiwanja cha kujenga atasema hapana kitu.

Nilikwenda kumtembelea mzee mmoja katika kijiji kilicho pembezoni mwa hifadhi, ambaye ujana wake aliutumia kwenda usasi wa nguruwe pamoja na wenzake na mbwa. Nilimwamkia, akanikaribisha barazani, tukanywa kahawa kabla ya kuulizana lolote. Nilipomtajia uchui alinyamaza kidogo, akaniuliza, “Mwalimu, huyo unamtafuta wa nini? Hana nyama huyo.” Nilimweleza habari ya ramani. Akacheka kwa upole, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kama alivyoyatamka: “Mwanangu, sisi mbwa wetu walikuwa wakimtoa maweni. Anaingia kwenye mwanya wa jiwe, basi mbwa atabweka mpaka achoke. Msitu mkubwa ule wa maji, sisi hatukuwa tukisasia huko sana, kwa hiyo siwezi kukwambia.”

Ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi kuwa alama kwenye ramani, na sitauweka kama alama. Lakini umeniamsha juu ya jambo ambalo lipo wazi kwa yeyote anayewatazama wanyama wala nyama wadogo: kinachohitajiwa na mnyama wa kimo cha sentimita chache kutoka ardhini hakipimwi kwa urefu wa miti. Anahitaji kifuniko kisichokatika, kivuli kinachohifadhi unyevu, majani makavu yenye wadudu na panya, na mahali pa kujificha mchana na kulea watoto. Maweni yana vitu hivyo vyote, na yana kimoja ambacho msitu mrefu hauna kwa wingi, yaani ile mianya na mapango madogo ya mawe ambayo hakuna mbwa anayeweza kuyafukua. Kwa binadamu hapo ni vichaka visivyopitika, na kwa kanu kutokupitika huko ndiko kunakomlinda.

Mzee alinichukua nyuma ya kijiji na kunionesha shamba la maweni lililolimwa na kuachwa. Utaratibu wake ni wa tangu zamani: mkulima hufyeka, huchoma, hupanda mtama, mihogo au tungule katika mifuko ya udongo, huvuna kwa misimu michache hadi udongo uchoke, kisha huliacha shamba lirudi vichaka na kuhamia kwingine. Alinionesha vipande vitatu vilivyopangana: kimoja kilichoachwa karibuni, chenye majani na miche tu, cha pili kilichofika kifuani, na cha tatu ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu, chenye giza ndani hata saa sita za mchana. “Zamani,” alisema, “lile la tatu ndilo lililokuwa jingi.” Sasa watu wameongezeka, mashamba hayaachwi kupumzika muda wa kutosha, kuni na makaa ya mjini yanatoka huku, na mawe yenyewe yanachomwa kwa ajili ya chokaa, ambayo tanuri lake linakula magogo mengi.

Sijaandika haya ili kumlaumu mkulima. Mkulima wa maweni anakula kutokana na jiwe, na hilo si jambo dogo. Ninaandika kwa sababu ramani ikimwonesha uchui ndani ya mpaka wa hifadhi peke yake, na kuyaacha maweni meupe, basi tutakuwa tumemwambia kila mwenye tingatinga kwamba hapo hapana kitu, na tumemwambia kwa mkono wa skuli.

Wiki ya sita

Mvua. Hatukutoka. Tulikata karatasi, tukaunganisha vipande vinne kwa gundi, tukachora gridi kwa penseli na kuhamisha ukingo wa kisiwa kutoka kwenye ramani ndogo.

Wiki ya saba

Kabla ya kupaka rangi nimeona lazima ramani ijibu swali moja zaidi, ambalo kila mwanafunzi ameniuliza: mnyama asiyejua kuogelea bahari alifikaje Unguja, na kwa nini Pemba hayupo?

Nimeamua kuchora kona ya chini ya karatasi ramani ndogo ya mkondo wa bahari, yaani maji yaliyo kati ya visiwa na bara, na kina chake. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na wakati wa enzi ya barafu ya mwisho, kama miaka 20,000 iliyopita, maji ya bahari duniani yalikuwa yameshuka kwa kadiri ya mita 120. Hapo Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya pwani, na mnyama wa msitu angeweza kutembea hadi kwenye ardhi ambayo leo tunaiita Jozani bila kulowesha unyayo. Barafu ilipoyeyuka na bahari kupanda, waliokuwa upande huu walibaki upande huu. Pemba ina habari tofauti, kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kisiwa hicho kilitengana na bara zamani mno kabla ya hapo. Ndiyo sababu Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine, mnyama awezaye kuruka juu ya bahari, lakini kima punju wachache waliopo Ngezi walipelekwa na watu katika miaka ya 1970.

Hapa ndipo uchui anapokuwa shahidi wa jambo kubwa kuliko yeye. Kutoka Udzungwa hadi Unguja ni zaidi ya kilomita 300, na kanu anayefahamika zaidi katika nchi iliyo kati ni yule wa madoa makubwa, ambaye anavumilia mapori ya wazi na mashamba. Ikiwa kanu wa misitu minene anaishi Kongo, magharibi mwa Kenya, juu ya milima ya Tao la Mashariki na katika kisiwa cha bahari ya Hindi, njia iliyowaunganisha ndugu hawa lazima ilikuwa ya msitu, wakati hali ya hewa ya Afrika ilipokuwa na unyevu mwingi zaidi kuliko leo. Msitu ule ulipungua na kukatika vipande. Milima ya Tao la Mashariki ilibakiwa na wake kwa sababu upepo wa bahari huileta mvua hadi kwenye miteremko yake, ingawa hata huko zaidi ya thuluthi mbili ya msitu wa asili umekwisha kuondolewa na watu. Unguja ilibakiwa na wake kwa sababu ya maji ya ardhini ya Jozani na kwa sababu maweni yalikuwa magumu kulimwa.

Nilipowaeleza wanafunzi haya, nilichora mstari wa nukta nukta kutoka Udzungwa kuvuka bara hadi kisiwani. Walitaka kujua kama mstari huo ni barabara. Niliwaambia ni njia ya zamani ambayo leo hakuna mnyama anayeweza kuipita.

Wiki ya nane

Wiki hii nimelishughulikia tatizo la nafasi nyeupe.

Katika ramani yoyote ya mnyama kuna mahali ambapo ameonekana na mahali ambapo hakuonekana, na ni rahisi sana kulichukua kundi la pili lote kuwa mahali ambapo hayupo. Ukimya wa Dabaga unatufundisha kinyume chake. Watafiti wamelifanyia kazi jambo hili kwa utaratibu mzuri, na Udzungwa ni mfano ninaoupenda kwa sababu upo nchini mwetu. Katika msitu wa Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kuanzia mwaka 2009 kamera za mtego zimekuwa zikiwekwa katika vituo 60, kituo kimoja kwa kila kilomita za mraba 2, na kila kamera huachwa siku 30. Mwaka unaofuata kazi hurudiwa katika vituo vile vile. Kamera haihitaji mtu. Inahisi joto na mwendo wa kiumbe kinachopita, inapiga picha na kuandika saa na tarehe.

Faida yake haipo katika picha peke yake. Kwa kuwa kila kituo kinaangaliwa usiku baada ya usiku, inawezekana kuhesabu ni mara ngapi mnyama aliyepo katika eneo hupita bila kupigwa picha, na kutokana na hesabu hiyo kukadiria ni vituo vingapi anavitumia kweli, pamoja na vile ambavyo hakujitokeza. Nimewaeleza wanafunzi kwa mfano wa mwalimu anayeita majina: kama mwanafunzi fulani huitika siku tatu kati ya tano, basi kutokuitika kwake leo hakutoshi kusema kwamba amehama kijiji.

Sisi hatuna kamera, na hatutatega chochote msituni, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji kibali na watu waliofunzwa. Lakini tunaweza kuwa waaminifu kama wao. Ramani yetu itakuwa na alama tatu. Duara lililojazwa litaonesha misitu ambayo ushahidi wa picha au kielelezo, yaani ngozi au mwili uliohifadhiwa, umekwisha kutangazwa. Duara tupu litaonesha makazi ya aina ile ile yaliyoungana na hayo. Sehemu nyingine ya msitu na maweni itaachwa bila duara, na juu yake tutaandika “hapajaangaliwa”. Neno “hayupo” nimelipiga marufuku katika ramani yote, isipokuwa juu ya bahari na katikati ya mji.

Wiki ya tisa

Ufunguo wa ramani umekamilika, na ndio ulionichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Kijani kilichoiva ni msitu mrefu wa maji ya ardhini. Kijani cha mzeituni ni maweni yaliyokomaa, yaliyofungana juu. Kijani chepesi chenye mistari ni maweni yanayorudi baada ya kilimo, na mistari hiyo tumeiweka makusudi, kwa sababu eneo hilo linaweza kuwa makazi au likakoma kuwa makazi kutegemea litaachwa kwa miaka mingapi. Mikoko ya Chwaka na Pete tumeipa rangi yake, bila kudai chochote juu ya uchui huko.

Tulibishana kuhusu msitu wa Kiwengwa na Pongwe, ulioko kaskazini mashariki. Upo mbali na Jozani, na kati yake kuna vijiji, mashamba na barabara. Wanafunzi wawili walitaka tuuunganishe na kusini kwa kijani chepesi, kwa hoja kwamba mnyama mwepesi anaweza kupita mashambani usiku. Hoja yao si mbaya. Lakini kanu huyu ni wa msitu mnene kila mahali alikochunguzwa, na kuchora daraja ambalo hatuna ushahidi nalo ni kumpa njia ambayo pengine hana. Tuliacha pengo, tukaandika upana wake kwa kupima juu ya skeli.

Mwalimu mwenzangu aliyepita aliuliza kwa nini tumeweka pia sheria kwenye kona. Nimeweka mstari mmoja tu: Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, ambayo inaziruhusu jamii za vijiji kufanya makubaliano na serikali na kusimamia misitu yao. Maweni mengi yapo nje ya hifadhi ya taifa. Mpaka wa hifadhi hautayafikia, lakini makubaliano ya kijiji yanaweza, na wazazi wa wanafunzi hawa ndio watakaoketi katika kamati hizo.

Wiki ya kumi

Ramani imetundikwa jana, ukutani kati ya madirisha mawili, mahali ambapo jua la asubuhi haliipigi moja kwa moja. Yule mzee alikuja, akiwa amevaa kanzu na kofia, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha aliweka kidole juu ya kijani cha mzeituni, kusini mwa kijiji chake, akaniambia kwamba sehemu ile imefyekwa tangu nilipomtembelea, kwa ajili ya viwanja. Nilichukua kifutio mbele ya wanafunzi na kuondoa rangi hapo, na msichana wa darasa la saba akachora mistari midogo ya eneo lililofunguliwa, akaandika mwezi na mwaka pembeni kwa herufi ndogo.

Tumekubaliana kwamba ramani haitawekwa kioo. Penseli na kifutio vimefungwa kwa uzi kwenye msumari, chini ya ufunguo, na wanafunzi wawili kila mwezi watapita kwenye maweni ya karibu, wataulizia kijijini na kurudi kurekebisha. Zamu ya kwanza ni ya wiki ijayo, baada ya mtihani.